Mfereji kwenye pevingi: kwa nini vipande vya pembeni vinang'oka?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Goba. Uwanja wangu wa pevingi unashuka kutoka getini kuja nyumbani, kwa hiyo fundi alikata mfereji wenye wavu wa chuma mbele ya baraza. Sasa vipande vidogo vya pembeni ya wavu vinang'oka gari likipita, mchanga unaingia mferejini, na mstari wenyewe umepinda. Nataka tuurudie kabla ya masika. Tufanyeje utoke safi?

JIBU: Marahaba, dada. Kwa maelezo yako, pevingi zilitangulia, mfereji ukatafutiwa nafasi baadaye. Kazi ikienda hivyo, vipande vyote vya kukata vinaangukia kwenye wavu, pale pale tairi linapokanyaga. Geuzeni mpango: mfereji kwanza, pevingi zianzie hapo.

Ng'oeni kama nusu mita kila upande. Chimbeni, shindilieni, kisha mwageni zege la 1:2:4 (simenti, mchanga, kokoto), unene wa sentimita 10 chini ya mfereji, na kulipandisha ubavuni. Juu ya zege la ubavuni ibaki nafasi ya pevingi na sentimita mbili hivi za mota. Fundi afunge kamba kutoka mwanzo hadi mwisho. Jicho peke yake halinyooshi mstari. Wavu uvishwe nailoni na ubaki mahali pake zege likimwagwa, la sivyo zege litasukuma kuta za mfereji ndani na wavu hautaingia tena.

Sasa safu ambayo mimi sikubali irukwe. Kila upande wa mfereji, pangeni mstari mmoja wa pevingi nzima, zilale kwenye mota ya simenti na mchanga 1:4. Zikikaa juu ya mchanga mtupu, maji yatauchukua na mtarudi mlipo leo. Zizidi wavu kwa milimita 3 hadi 5, ambao ni kama unene wa msumari wa inchi nne. Lazeni rula ya aluminiamu juu ya pevingi ikatize mfereji: msumari upite kati ya rula na wavu kwa kugusa kidogo tu. Wavu ukiwa juu kuliko pevingi, maji yatatuama kando yake na tairi litaugonga kila siku.

Ukataji uangukie nyuma ya safu hiyo. Kipande kikitoka chini ya theluthi ya pevingi nzima, msikipachike. Kateni na jirani yake ili mpate viwili vya wastani. Tumieni grinda yenye diski ya almasi, maana patasi inaacha kingo zilizomeguka. Mota ikidondoka juu ya pevingi, ifutwe kwa sponji mbichi papo hapo. Ikikauka, hasa kwenye pevingi za rangi, doa halitoki kirahisi.

Mteremko wa maji uwe chini, ndani ya mfereji: sentimita 1 kwa kila mita, kuelekea kwenye chemba na shimo la kunyonya maji ya mvua. Msiyapeleke kwenye shimo la choo, masika yatalijaza.

Mwagilieni zege na mota kwa siku 7, na gari lisipite. Baada ya hapo fagieni mchanga mkavu kwenye viungo vya pevingi zilizokaa juu ya mchanga, mmwage ndoo mbili za maji upande wa juu wa mfereji. Maji yakisimama mahali popote, fundi arekebishe kabla hujamlipa malipo ya mwisho.