Mwanangu, usikubali kuambiwa ni ugonjwa wa wanaume

Mwanangu mpenzi,

Unasema klabu imeagiza timu ya wanaume ipimwe moyo kabla ya msimu kuanza, ninyi wasichana mkaambiwa si lazima, kwa kuwa wanaoanguka uwanjani ni wanaume. Ukaniuliza mimi niliyeshinda na mashine ya ECG, ile inayochora umeme wa moyo kwenye karatasi, maisha yangu ya kazi: ni kweli?

Nusu yake ni kweli, na ndiyo maana watu wanaimeza bila kutafuna. Wanaume hufa ghafla michezoni mara kadhaa zaidi ya wanawake. Marekani walifuatilia mbio za marathoni na nusu marathoni kuanzia 2000 hadi 2010, wakimbiaji milioni 10.9. Moyo ulisimama kwa watu 59, na 51 kati yao walikuwa wanaume. Usidhani ni kwa sababu wanaume ndio wengi mbioni. Hata baada ya kuzingatia idadi ya washiriki, ilikuwa 0.90 kwa kila wanaume 100,000, na 0.16 kwa wanawake.

Mishipa ya moyo ya wanaume huanza kuziba mapema kuliko yetu, na magonjwa ya kurithi ya misuli ya moyo mara nyingi hujitokeza kwao mapema zaidi. Marc-Vivien Foé, kiungo wa Kameruni, alianguka Lyon tarehe 26 Juni 2003 akicheza dhidi ya Kolombia. Alikuwa na miaka 28. Uchunguzi ulikuta misuli ya moyo wake imenenepa kupita kiasi.

Ila kuwa nadra si kutokuwepo. Flo Hyman, nyota wa voliboli wa Marekani, alikufa tarehe 24 Januari 1986 huko Matsue, Japani. Alikuwa ametolewa uwanjani, ameketi benchi. Mshipa mkuu utokao moyoni ulipasuka, kwa sababu alikuwa na ugonjwa wa Marfan, unaodhoofisha tishu zinazoushikilia mwili pamoja na kuta za mshipa huo, ambao hakuna aliyekuwa ameugundua. Dalili ilikuwa ni umbo lake lenyewe, urefu ule na mikono ile mirefu, lakini katika voliboli nani atauona urefu kuwa ugonjwa?

Tena kwa wanawake kuna jambo linalonisumbua zaidi. Wanawake vijana wanapofariki hivyo, mara nyingi zaidi kuliko kwa wanaume daktari hufungua moyo akaukuta mzima kwa macho. Kuta ziko sawa, hitilafu iko kwenye umeme. Baada ya kubalehe, kipande cha ECG kiitwacho QT, yaani muda ambao umeme wa moyo huwaka na kutulia tena katika kila pigo, huwa kirefu kidogo kwa mwanamke kuliko kwa mwanamume, na kikirefuka kupita kiasi mapigo yanaweza kuvurugika ghafla. Baadhi ya dawa hukirefusha zaidi, mfano erithromaisini na klorokwini. Vigezo vya kimataifa vya kusoma ECG za wanamichezo, vya mwaka 2017, vinaweka mpaka wa QT iliyosahihishwa kulingana na kasi ya mapigo kuwa milisekunde 470 kwa mwanamume na 480 kwa mwanamke. Muulize atakayesoma ECG yako anatumia mpaka upi.

Na uangalie mpimaji anavyobandika vibandiko vya ECG. Kibandiko cha nne cha kifuani hukaa kati ya ubavu wa tano na wa sita, chini ya titi; hakiwekwi juu yake wala ukingoni mwa sidiria. Nimeona karatasi nyingi za ECG zilizoharibika kwa sababu mpimaji aliona haya, au mpimwaji aliona haya, na wote wawili wakajifanya hawakuona.

Haya hiyohiyo inaua uwanjani. Mwanamke akianguka hadharani, watu wasiomjua huchelea kumkandamiza kifua kuliko angekuwa mwanamume, na kila dakika bila mashine ya kushtua moyo hupunguza nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Nguo ikatwe, sidiria ikatwe. Waambie wenzako leo, si siku ya mechi, na mjue mashine iko wapi na nani ana ufunguo wa chumba hicho.

Kuhusu kile kizunguzungu chako ulichoniandikia: kuzimia ukiwa umesimama juani muda mrefu na kuzimia katikati ya mbio ni mambo mawili tofauti kabisa. Hilo la pili usikubali liitwe njaa, hedhi wala woga mpaka moyo umepimwa.

Mweleze daktari pia habari niliyoipata juzi kwa shangazi yako: mdogo wake babu yako alizama akiwa kijana, naye alikuwa mwogeleaji hodari. Familia iliita ajali. Lakini kuna aina ya QT ndefu ya kurithi inayoamshwa hasa na kuogelea, kwa hiyo isiachwe nje ya historia yako. Karatasi ikitoka nitumie picha yake nzima, si majibu tu.

Mama yako