Nyumba ya enzi ya Malkia Victoria iliyokwisha kubadilishwa: anza darini

Kabla ya kumwita fundi rangi, panda darini na tochi. Nyumba za safu za London zilizojengwa enzi za Victoria (1837–1901) karibu zote zimeshaguswa, na kasoro zake nyingi hazitokani na uzee bali na ukarabati.

Tazama dohani kwanza. Watu hupanua chumba cha chini kwa kubomoa matofali yaliyotokeza ukutani penye meko, halafu dohani ya juu wanaiacha palepale. Mita moja ya ujazo ya matofali ina uzito wa karibu tani 2. Nani anaubeba? Ukikuta boriti ya chuma iliyokalia kuta imara pande zote mbili, afadhali. Ukikuta vipande vya mbao vimegongewa tu, au hakuna kitu, chumba kilicho chini yake kisilalwe mpaka mhandisi wa majengo afike. Kama ukuta ni wa pamoja na jirani, sheria ya 1996 ya England na Wales inakutaka umpe taarifa ya maandishi miezi 2 kabla ya kuugusa.

Kisha vuka barabara uangalie paa. Vigae vya zege ni vizito kuliko vile vyembamba vya sleti (jiwe la kuezekea) vilivyokuwepo. Kenchi zisipoongezewa nguvu, paa hubonyea katikati kama mgongo wa punda mzee na kusukuma kuta nje.

Kuta zenyewe ni za matofali yaliyoshikana bila uwazi katikati, unene wa inchi 9, zimejengwa kwa chokaa. Unyevu hutoka nje kupitia mishono. Mishono ikizibwa kwa saruji, maji hutafuta njia kupitia tofali, baridi ikiyagandisha uso wa tofali unabanduka. (Mafundi wa Lamu na Unguja wanaujua ugonjwa huu: ukuta wa matumbawe uliopigwa plasta ya saruji.) Ondoa saruji kwa tindo na nyundo, si kwa mashine ya kukatia, maana itakula kingo za matofali. Chimba milimita 25, safisha vumbi, lowesha, kisha jaza kwa chokaa ya haidroliki (inayoganda kwa maji) ya daraja 3.5, sehemu 1 kwa 3 za mchanga wenye chenga mchanganyiko. Funika kwa magunia yaliyoloweshwa siku kadhaa. Nyuzijoto zikishuka chini ya 5 za Selsiasi, acha kazi.

Chini, sakafu ni ya mbao iliyoinuliwa, inapumua kupitia matofali yenye matundu. Hayo ndiyo yanayofukiwa na sakafu mpya ya uani. Udongo wa nje uwe chini ya sakafu ya ndani kwa angalau milimita 150. Ng'oa ubao mmoja kando ya ukuta, choma ncha za boriti kwa bisibisi: ikizama bila kubisha, kata kipande kilichooza na uzibue matundu kabla ya kuweka kipya.