Mizani ya pili

Mwanangu Kabula,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, ya tatu nikamsomea mama yako. Unasema wenzako huko Kimara wanaona kura ni kupoteza siku ya kazi, nawe unataka kujua mimi, nilipokuwa na umri wako, demokrasia niliielewaje. Sikuielewa. Niliipinga, tena kwenye kipaza sauti.

Mwaka 1991 Rais Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Nyalali, izunguke nchi iwaulize wananchi: tubaki na chama kimoja au tuwe na vyama vingi? Walipofika Ngudu nikasimama na shati langu la kijani, nikasema vyama vingi ni vita, tazameni Rwanda. Makofi! (Rwanda nako kulikuwa na chama kimoja vita vilipoanza 1990. Hilo halikunijia, wala hakuna aliyenikumbusha.)

Kisha akasimama marehemu babu yako. Akakohoa kwanza, unavyomjua. Akasema: “Pamba yangu naipeleka kwenye mizani moja. Karani akisema kilo 40, ni 40. Simwiti mtu mwizi. Nataka tu mizani ya pili, nipime tena.”

Ukumbi mzima ukageuka kunitazama. Karani wa mizani nilikuwa mimi.

Walicheka, mwanangu, hadi meza ikagongwa. Nilirudi naye kwa baiskeli, yeye nyuma kwenye keria, hatukusemezana hadi nyumbani. Mpaka leo nikiona mizani sokoni napata joto shingoni. Na usiniulize kama ile yetu ilikuwa sawa. Niliikuta hivyo.

Mimi siku zote nasema mtu aulizwe. Mnanicheka kwa neno hilo tangu ile mahari ya dada yako, lakini silibadili: mtu aulizwe. Ila hapo hapo ndipo ninapojikwaa. Tume ilipohesabu, karibu watu 80 katika kila 100 walikuwa wamesema kama mimi. Hata hivyo ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikapita. Sasa tuliulizwa ili iweje? Nilinung'unika miaka. Halafu najijibu: babu yako alikuwa katika wale 20, na kwa kuhesabu vichwa tu asingesikika hadi anaingia kaburini. Halafu najijibu tena: basi mkubwa yeyote anaweza kusema amewasikiliza wachache, akafanya alilotaka tangu mwanzo. Hapo huwa nazima taa nalala.

Mwaka 1995 nilimbeba tena, baiskeli ileile. Zamani kura ya rais ilikuwa Ndiyo au Hapana kwa mtu mmoja, na ya ubunge ilikuwa jembe au nyumba, wote wawili wa chama kilekile. Safari hii majina yalikuwa manne. Akakawia kule ndani hadi msimamizi akamwita. Njiani nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza amempa nani.

“Nimepima,” akasema. Basi.

Kuhusu wewe kwenda au kutokwenda, mama yako amenikataza kukuamulia, nami nimekubali, ingawa mkono unaniwasha. Ila kama siku hiyo watakukata ujira, niambie mapema. Nitakutumia.

Baba yako