Kuzika, kuchoma au mboji: jibu la mtu anayeshika taka za jikoni kila siku

Mleta mada, umeuliza mawili kwa mpigo: kama Dar ingejenga tanuri la kuchoma taka na kuzalisha umeme kama la Addis Ababa tatizo lingeisha, na kama mtaa wa kawaida unaweza kutengeneza mboji bila uvundo na panya. Mimi nipo Tabata, napokea mabaki ya mama lishe na genge la jirani, nageuza mboji, yaani mbolea ya mabaki yaliyooza, na kuwauzia wenye vitalu vya miche. Nianze na tanuri.

Taka zetu ni mbichi. Fungua kiroba cha nyumba yoyote uone: maganda ya ndizi na viazi, machicha ya nazi, matikiti, ukoko. Tanuri likilishwa hivyo, moto unatumika kwanza kukausha maji, umeme baadaye, kama utapatikana. Kiwanda cha Addis chenye tanuri hilo, kiitwacho Reppie, kilizinduliwa 2018 na kilisanifiwa kwa takriban tani 1,400 kwa siku. Kimekaa palepale Koshe, kwenye dampo ambalo Machi 2017 liliporomoka na kuua watu zaidi ya 100, kwa hiyo siwalaumu kutafuta njia yoyote. Lakini hata tanuri zuri huacha majivu ambayo uzito wake ni kama robo au moja ya tano ya kilichoingia, nayo yanahitaji pa kutupwa. Halafu likishajengwa linadai chakula kila siku. Halmashauri gani itahimiza watu wapunguze taka wakati ina mdomo wa kulisha?

Kuzika tumeshakujaribu sana. Wazee wa hapa Tabata wanaikumbuka kesi ya 1988, wakazi walipolishtaki Jiji Mahakama Kuu kwa moshi na harufu ya dampo, wakashinda. Taka zikahamia Kunduchi Mtongani, na huko nako 1991 watu wakaenda mahakamani. Ikafuata Vingunguti, ikaja Mtoni, sasa ni Pugu Kinyamwezi. Hakuna anayetaka dampo jirani, na likisogezwa mbali dizeli inaongezeka kwenye ada yako. Kinachosafirishwa chenyewe sehemu kubwa ni maji ya matikiti! Kikifika huko kinafukiwa, kinaoza bila hewa na kutoa methani, gesi ambayo kwa kipimo cha miaka 100 hupasha dunia takriban mara 28 kuliko uzito uleule wa kaboni dayoksaidi.

Sasa mboji. Wengi wanaoanza wanahangaikia maganda. Maganda hayakosekani, mama lishe wawili tu wanatosha kukuzidi nguvu. Kinachokosekana ni kikavu. Pita mtaani kwako asubuhi: uwanja umefagiliwa, majani ya mwembe na mkungu yamesukumwa kona, kiberiti kimewashwa. Baadaye mwenye nyumba huyohuyo anatoa hela kiroba cha maganda kiende Pugu. Nusu ya mboji ameichoma, nusu nyingine amelipia ibebwe. Mimi nimewaambia majirani wasichome, wanirushie ukutani. Hicho ndicho kilichookoa mradi wangu, si utaalamu wowote.

Vijidudu vya mboji vinapenda kaboni (iliyojaa kwenye vikavu) sehemu 25 hadi 30 kwa nitrojeni (iliyo nyingi zaidi kwenye vibichi) sehemu 1. Kwa ndoo, hiyo ni ndoo moja ya maganda kwa mbili au tatu za majani makavu, kisha unarekebisha kwa pua. Ikikuwasha kama mkojo, maganda yamezidi. Ikinuka yai viza, hewa imekosekana, geuza na uongeze kikavu. Pumba za mpunga zinafungua hewa vizuri ingawa zenyewe haziozi haraka. Maranda weka kidogo, na usichukue ya mbao zilizopigwa dawa. Chini kabisa natandika makumbi ya nazi.

Lundo lisipungue mita 1 kila upande, la sivyo joto linakimbia. Chomeka nondo katikati, iache kidogo, ichomoe uishike: ikikulazimisha kuiachia, mambo ni mazuri. Unatafuta nyuzi 55 hadi 65, zikae siku 3 au zaidi, ndipo mbegu na vimelea vife, na ugeuze ili cha nje kiingie ndani. Miche ya nyanya ndiyo shahidi. Ikijiotea kwenye mboji yako, lundo halikuchemka. Unyevu pima kwa ngumi: kamua, litoke tone moja au mawili tu. Masika funika na turubai.

Panya hawafuati sana maganda ya ndizi. Wanafuata zaidi wali, ugali, dagaa na matumbo ya samaki. Mabaki hayo nawapa wenye kuku, au nayafukia katikati kabisa ya lundo penye moto.

Kuchambua ni pale taka inapozaliwa, si kwako. Mama lishe nimewapa ndoo yenye mfuniko, na ikiwa na vijiti vya meno au visoda nairudisha ilivyo, kwa heshima. Mifuko ya rambo imepungua tangu marufuku ya Juni 2019, ila vifungashio laini bado vinasumbua. Na mwenye kitalu akikatwa na kigae cha chupa mara moja, umempoteza.

Ukitaka kuona kwa ukubwa, Mabwepande kuna kiwanda cha mboji cha Kinondoni kilichojengwa kwa ushirikiano na mji wa Hamburg, uwezo wake tani 50 kwa siku, kinalenga taka za masokoni. Naona walichagua vyema: taka ya soko inatoka karibu imeshajichambua, ya nyumbani imebeba betri na pampasi.

Kwa mtaa wako, tafuteni genge moja na miembe ya kutosha, muanze na lundo moja. Hesabu miezi mitatu hadi minne. Msiuze kabla haijaiva, itaunguza miche na wateja watasema mboji ni utapeli. Kupima kama imeiva, jaza mfuko mdogo, ufunge kabisa, uweke kivulini siku kadhaa, kisha ufungue unuse. Ikinuka udongo, chekecha upeleke kitaluni. Ikinuka chochote kingine, irudi lunduni.