Tundu la ribiti limekwenda kombo: usinunue gundi

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Texas, najenga ndege ya watu wawili kwa vipande vinavyouzwa kwa wajenzi wa nyumbani. Nikitoboa ubavu wa bawa (kipande cha ndani kinacholipa bawa umbo) kwa biti namba 30, keekee iliteleza, na sasa matundu mawili yameingiliana kama tarakimu ya 8. Mwenzangu ananishauri nijaze epoksi yenye unga wa chuma, ikikauka nitoboe upya. Ninunue aina gani?

JIBU: Marahaba. Usinunue yoyote.

Swali hili haliishi kuletwa, na kila anayelileta anauliza gundi ipi, haulizi kama gundi inafaa. Watu wanadhani tundu ni uwazi tu, ukizibwa yamekwisha. Ribiti, kile kipini kinachoshika mabamba pamoja, ikigongwa hunenepa ikabana kuta za tundu, na mzigo hutoka bamba moja kwenda jingine kwa ribiti kuegemea kuta hizo hizo. Epoksi ni dhaifu mno mbele ya aluminiamu. Itapasuka au itasukumwa pembeni, nawe utakuwa umefunika ubovu usiouona tena. Bamba likivutwa, mkazo kwenye ukingo wa tundu la duara hufika kama mara 3 ya mkazo wa mbali na tundu. Tundu likirefuka kama yai, urefu mara 2 ya upana, na likakingama na mvutano, hufika kama mara 5. Kuziba hakuondoi hilo. Wapo pia wanaoshauri kuchomelea! Aluminiamu ya ndege, kama ile iitwayo 2024-T3, ilipata nguvu zake kiwandani kwa joto lililopimwa. Moto wa kuchomelea unaziharibu.

Sasa pima. Kama tundu lako lote halizidi milimita 4 kwa urefu, linaweza kumezwa na ribiti ya 5/32 ya inchi, ambayo biti yake ni namba 21 (namba ikipungua, biti hunenepa). Ila kutoka katikati ya tundu jipya hadi ukingo wa bamba ibaki angalau 5/16 ya inchi, yaani kipenyo mara 2, na kutoka katikati ya ribiti hadi katikati ya jirani yake angalau kipenyo mara 3. Usiingize biti hivihivi, itafuata kosa la zamani. Bana juu yake kipande cha bamba chenye tundu sahihi kiiongoze. Tundu likizidi milimita 4, au umbali wa ukingo usipotosha, agiza ubavu mpya. Naona watu wakiukwepa kwa kuhofia gharama, wakati ni bamba dogo lililokunjwa, na bawa bado liko wazi mezani.

Wengine wamegeuza ribiti kubwa kuwa dawa ya kila kitu. Kila unapopanua tundu unakula nyama ya ukingo, na ukingo mwembamba hupasuka. Kwenye mhimili mkuu wa bawa usipanue hata kidogo kabla aliyesanifu ndege hajakujibu.

Hawa walimu wa video wanaojaza, wanapiga msasa na kupaka rangi, huniudhi kwa sababu kazi yao hupendeza siku ile. Ufa wa uchovu, yaani wa bamba kuchoshwa na mikazo ya kurudiarudia, huja baadaye. Aprili 1988, Boeing 737 ya Aloha Airlines ilipasuka paa angani kule Hawaii, na mhudumu mmoja akafa. Nyufa zilianzia kwenye matundu ya ribiti, zikaungana baada ya maelfu ya safari. Ile ilikuwa ndege ya abiria yenye ratiba ya ukaguzi. Yako, mkaguzi wa kuitolea cheti huko Marekani huja ikiwa imekamilika. Kilichofungiwa ndani ya bawa hakioni, labda umwonyeshe picha za ujenzi.

Kwa hiyo piga picha ya tundu hilo kando ya rula, andika umbali wa ukingo na namba ya kipande, umtumie msanifu. Bamba la juu la bawa lisifungwe kabla ya jibu lake.