Kioo Cheusi Baada ya Sasisho: Usikubali Kufomati Haraka

SWALI: Laptopu yangu ya Windows 11 ilijisasisha usiku. Asubuhi nilipoiwasha niliona nembo ya kampuni, kisha kioo kikawa cheusi. Feni inazunguka na mshale wa mausi unaonekana, lakini hakuna kingine. Nijaribu nini kabla ya kuipeleka kwa fundi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Huo mshale ni habari njema. Maana yake kioo ni kizima na Windows imewaka karibu yote. Mara nyingi kilichokwama ni explorer.exe, programu inayoleta dawati, folda na upau wa chini. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc kwa pamoja. Likifunguka dirisha la Task Manager, bofya "Run new task", andika explorer.exe, kisha Enter. Dawati likirudi, usiishie hapo, kwa sababu ukizima na kuwasha tatizo linaweza kurudi. Nenda kwenye "Startup apps" katika dirisha hilohilo, zima programu zinazojiwasha zenyewe, na anza na antivirus yoyote uliyoweka wewe. Antivirus ya zamani isiyopatana na sasisho jipya huweza kuiziba njia explorer.

Anayeona weusi mtupu, bila hata mshale, aanze na kitufe cha Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzimika kila ukibonyeza, mara nyingi mashine iko hai na kinachokosekana ni picha tu. Hapo bonyeza Windows+Ctrl+Shift+B kwa pamoja. Utasikia mlio mfupi, na draiva ya picha (programu inayoiwezesha Windows kutumia kadi ya picha) itaanza upya. Pasipotokea kitu, bonyeza Windows+P, kisha mshale wa chini na Enter. Kuna wakati kompyuta inapeleka picha kwenye skrini ya pili ambayo haipo. Baada ya hapo, mulika kioo kwa tochi ya simu ukiwa kwenye giza, mwanga ukiwa mshazari. Ukiona maandishi hafifu, taa ya nyuma ya kioo ndiyo haifanyi kazi, na huenda sasisho limesingiziwa bure.

Taa ya Caps Lock isipoitikia kabisa, chomoa chaja na kila kilichochomekwa kwenye USB. Kama betri inatoka, itoe. Shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, rudisha betri na chaja peke yake, kisha washa.

Yote hayo yakishindikana, ingia kwenye mazingira ya ukarabati ya Windows. Washa, na nembo ikitokea tu shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 10 hadi izime. Rudia mara ya pili. Mara ya tatu iache iendelee, nayo italeta ukurasa wa ukarabati. Usifanye hivi kama kioo kinaonyesha asilimia za sasisho au taa ya diski bado inamemeta. Kwenye diski ya kuzunguka sasisho kubwa huchukua muda mrefu, na kulikata katikati ndiko kunakoharibu mashine iliyokuwa nzima.

Ukifika hapo chagua "Troubleshoot", "Advanced options", halafu "Startup Settings" na "Restart". Ikija orodha yenye namba, bonyeza 4 kuingia Safe Mode, yaani kuiwasha Windows na vitu vya lazima tu. Kama huwa unaingia kwa PIN, chagua 5, yenye mtandao, maana PIN wakati mwingine hukataa kwenye namba 4. Ndani ya Safe Mode Windows haitumii draiva kamili ya Intel, AMD au NVIDIA, inatumia ile ya msingi. Picha ikitokea vizuri humo, kidole kielekeze kwenye draiva. Windows Update huleta draiva pamoja na masasisho mengine, na ile mpya huweza kuchukua nafasi ya draiva iliyotengenezwa na kampuni mahususi kwa modeli yako. Fungua Device Manager, "Display adapters", bofya mara mbili jina la kadi, nenda "Driver", kisha "Roll Back Driver". Kitufe hicho kikiwa kimefifia, chagua "Uninstall Device", weka tiki ya kufuta na draiva yenyewe, uwashe upya. Baadaye pakua draiva ya modeli yako kwenye tovuti ya mtengenezaji.

Safe Mode nayo ikiwa nyeusi, rudi "Advanced options" na uchague "Uninstall Updates". Anza na "quality update", ambalo ni sasisho dogo la kila mwezi. Lile kubwa la kubadilisha toleo, "feature update", kwa kawaida huondolewa ndani ya siku 10 tu, kabla folda ya Windows.old (yenye toleo la awali) haijafutwa.

Mashine nyingi za Windows 11 zimefungwa kwa BitLocker, kinga ya Windows inayofunga data ya diski, na ukarabati unaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48. Fungua aka.ms/myrecoverykey kwenye simu, ingia kwa akaunti yako ya Microsoft, na linganisha herufi 8 za mwanzo za Key ID kabla ya kuandika. Usikisie. Ufunguo huo ukipotea, data imepotea, na hakuna fundi wa kuifungua.

Ikishapona, nenda Settings, Windows Update, "Pause updates", uipumzishe wiki moja au mbili. Usizime masasisho moja kwa moja: ndiyo yanayoziba matundu ya usalama.

SWALI: Umeme ulikatika kompyuta ya dukani ikiwa katikati ya sasisho. Sasa kioo ni cheusi. Fundi anasema lazima apige Windows upya, na hesabu zote za duka zimo humo. Kweli hakuna njia?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Faili zako kwa kawaida zipo palepale. Kilichovurugika ni faili za Windows zilizokuwa zikibadilishwa. Mwambie fundi asiguse diski mpaka hesabu zitoke. Ingia kwenye ukarabati kama tulivyoeleza juu, chagua "Troubleshoot", "Advanced options", kisha "Command Prompt" (dirisha la kuandika amri), chomeka flashi, andika notepad na Enter. Notepad ikifunguka, nenda File, Open, na chini badilisha aina ya faili iwe "All Files". Hapo unaona diski zote. Bofya folda ya hesabu kwa kitufe cha kulia, Copy, nenda kwenye flashi, Paste. Dirisha litaonekana kuganda wakati linanakili, kwa hiyo subiri na uhakikishe ukubwa wa faili unalingana.

Ukishazitoa, angalia Windows iko kwenye herufi gani, kwa kuwa humo ndani C huweza kuitwa D. Andika dir C:\ na utafute folda ya Windows. Kisha andika amri hii, ukibadilisha herufi inapobidi:

dism /image:C:\ /cleanup-image /revertpendingactions

Inafuta sasisho lililokuwa nusu na kurudisha hali ya awali. Ikimaliza, washa upya. Ikishindwa, fuata na hii, inayokagua na kurekebisha faili za Windows:

sfc /scannow /offbootdir=C:\ /offwindir=C:\Windows

Zote mbili zikigoma, hapo fundi ana haki ya kupiga Windows upya, na hesabu zako ziko mfukoni. Kwa kompyuta ya dukani isiyo na betri, nunua UPS (kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme unapokatika) kabla ya kuruhusu sasisho jingine.

SWALI: Natumia Ubuntu na kadi ya NVIDIA. Baada ya kusasisha, kioo cheusi.
Msomaji, Kampala

JIBU: Washa ukigonga Esc (au kushikilia Shift kwenye mashine za zamani) hadi menyu ya GRUB (ya kuchagua mfumo wa kuwasha) itokee. Chagua "Advanced options" na kerneli (kiini cha mfumo) ya zamani. Ikiwaka, huenda draiva ya NVIDIA haikujengwa kwa kerneli mpya. Fungua terminali uandike sudo ubuntu-drivers install. Kerneli ya zamani nayo ikikataa kuwaka, bonyeza e kwenye menyu hiyo, ongeza nomodeset mwisho wa mstari unaoanza na linux, kisha F10. Nyongeza hiyo ni ya safari moja tu, kwa hiyo weka draiva kabla ya kuzima.