Barua kwa mwanangu: ofa mbili na kazi ya gadi wa mpira wa kikapu ng'ambo

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata pamoja na rasimu zote mbili za mkataba. Unauliza usaini ipi: ile ya ligi daraja la pili, dola 3,500 kwa mwezi kwa miezi 9, au ile ya ligi kuu, dola 5,500 kwa miezi hiyo hiyo, yenye kifungu cha majaribio ya siku 21. Tena unauliza kama gadi, yule mchezaji mfupi anayeongoza mpira, wa kimo chako anaweza kuishi kwa mpira wa kikapu ng'ambo kwa miaka kumi na zaidi. Naanza na hilo la pili, maana jibu lake ndilo linaloamua la kwanza.

Anaweza. Gadi Mmarekani Mike James hakuchaguliwa na timu yoyote kwenye drafti ya 2012, ule uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, ligi kuu ya Marekani. Akaanzia klabu ndogo za Ulaya, na mwaka 2024 akampita Vassilis Spanoulis na kuwa mfungaji wa pointi nyingi zaidi katika historia ya EuroLeague, ligi ya klabu kubwa za Ulaya. Stephon Marbury alitoka NBA akaenda China, akaipa Beijing Ducks ubingwa wa 2012, 2014 na 2015. Lakini nafasi ya gadi ndiyo yenye watu wengi sokoni. Mtu wa mita 2.13 anayejua kucheza ni adimu. Wa mita 1.85 anayefunga, kila Julai wanapatikana kwa mamia, wote na video zao mkononi. Klabu ina nafasi chache za wageni, mgeni analipwa kuliko wenyeji wengi, na mpira unashinda mikononi mwake. Timu ikifungwa mechi nne mfululizo, wa kwanza kutazamwa ni yeye. Novemba ndio mwezi mbaya: mechi sita hadi nane zimechezwa, mwenyekiti ana hasira, na mawakala wanampigia simu kila siku kumtajia gadi mwingine aliye huru. Kinachomweka mtu kazini hapo ni mambo mawili: timu inacheza vizuri akiwa uwanjani, na karatasi zake zinamlinda.

Kuhusu uwanja. Utacheza kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia: robo nne za dakika 10, faulo ya tano inakutoa, na mstari wa pointi tatu uko mita 6.75 kutoka kikapuni, wakati wa NBA uko mita 7.24. Lakini kitakachokusumbua zaidi ni kwamba mlinzi hana sheria ya kutokaa chini ya kikapu zaidi ya sekunde tatu. Mrefu wao anaruhusiwa kusimama chini ya ringi hata robo nzima. Njia uliyozoea ya kupita mtu mmoja na kufunga kwa urahisi utaikuta imezibwa na mwili wa kilo 115. Kwa hiyo uwe na mtupo mfupi wa kuelea kutoka mita tatu au nne, na uupige kabla hujamfikia yeye. Halafu kuna kosa la hatua. Unapoanza kudunda, mpira lazima uache mkono kabla mguu wa egemeo haujainuka, na waamuzi wa Ulaya hawalisamehi. Magadi waliozoea kuchomoka kwa hatua ndefu huadhibiwa wiki za mwanzo hadi wanapoteza kujiamini. Rekebisha hilo sasa, nyumbani, mbele ya kamera ya simu. Na usimwonyeshe refa ishara ya taimauti, yaani mapumziko mafupi, ukibanwa kwenye kona. Kwa FIBA huombwa na benchi la ufundi, mchezaji hana mamlaka hayo.

Kuna jingine wageni hawaambiwi. Katika ligi nyingi, timu zikilingana pointi kwenye msimamo hutazamwa mechi walizokutana wenyewe, na tofauti ya pointi katika mechi hizo. Tuseme duru ya kwanza walikufungeni kwa 9. Leo mnaongoza kwa 8, zimebaki sekunde 20, na mpira unao wewe. Ukiushika ukasubiri king'ora huku unashangilia, umeipotezea timu yako kitu ambacho mwezi wa Aprili kinaweza kuamua nani anaingia mchujo. Kabla ya kila mechi ya marudiano, muulize kocha msaidizi mnahitaji kushinda kwa tofauti ya pointi ngapi.

Makocha wa huko watakupima kwa jambo moja kuliko yote: unavyocheza skrini na mtu mrefu, ile piki-en-roli, ambapo mrefu wako anasimama njiani mwa mlinzi wako kumzuia, kisha anakimbilia kikapuni. Mlinzi wako akipita chini ya skrini, tupa pointi tatu hapo hapo, au mwache mrefu wako aweke skrini tena hatua mbili karibu zaidi na kikapu. Akipita juu, pita ukiwa umeligusisha bega lako kwenye nyonga ya mweka skrini ili mlinzi asipate upenyo, kisha punguza mwendo. Hapo ndipo vijana wengi hukosea, wanaongeza mwendo. Ukipunguza, mlinzi wako anabaki mgongoni kwako hana la kufanya, na mrefu wao aliye mbele yako analazimika kuchagua kati yako na mwenzako anayekimbilia kikapuni. Usimkodolee macho yeye. Mtazame mlinzi wa tatu, aliye upande wa pili wa uwanja. Akitia mguu ndani ya eneo la rangi, lile la chini ya kikapu, kuja kusaidia, pasi yako ni ya kona alikotoka. Wakikurukia wawili, rudi nyuma madundo mawili uwavute wote, ndipo umpe mrefu wako pasi fupi katikati, acheze wanne kwa watatu. Gadi anayeamua hivyo usiku baada ya usiku hupata kazi hata msimu anaofunga pointi 11 tu kwa mechi. Ndiyo maana kocha makini huomba mechi mbili nzima, pamoja na moja uliyofungwa. Video ya vipande vitamu haimwonyeshi unavyoamua ukiwa umechoka.

Sasa mikataba, na hapa nisome polepole.

Tazama kwanza kama kiasi kilichoandikwa ni chako baada ya kodi. Rasimu ya dola 3,500 inasema wazi kwamba klabu inalipa kodi zote na itakupa cheti cha kodi mwisho wa msimu. Ile ya 5,500 iko kimya. Kimya hicho kinaweza kumeza sehemu kubwa ya tofauti yote unayoiona. Pili, tarehe. "Kila mwezi" haitoshi. Iandikwe siku, sarafu, na malipo ya kwanza yawe mara tu baada ya kufaulu vipimo vya afya. Vipimo navyo vifanyike ndani ya saa 48 au 72 tangu ufike, na ukishafaulu, mshahara wote wa msimu uwe umehakikishwa, iwe umeumia, iwe kiwango kimeshuka, iwe kocha mpya hakutaki.

Kifungu cha majaribio kinaua yote hayo. Kwa siku 21 klabu inaweza kukurudisha bila kukulipa zaidi ya nauli, na siku hizo zinaangukia maandalizi ya msimu, mazoezi mara mbili kwa siku, wakati miguu ya kila mtu ni mizito. Ukiteguka kifundo siku ya kumi, wanakuita mtu mwingine. Na Septemba hiyo klabu nyingine zimeshajaza nafasi zao.

Angalia pia kama wanataka usaini karatasi mbili, moja ya mshahara mdogo inayosajiliwa na shirikisho na nyingine ya haki za picha yenye fedha nyingi. Mtindo huo upo sana. Ukilazimika kuukubali, zote mbili zisainiwe siku moja, zitaje jumla ileile, na zote ziwe na kifungu kilekile cha usuluhishi. Vinginevyo siku ya mgogoro watasema unadai ile ndogo tu.

Kifungu hicho cha usuluhishi ndicho roho ya mkataba. FIBA ilianzisha mwaka 2007 mahakama ya usuluhishi ya mpira wa kikapu, inayojulikana kwa kifupi BAT, makao yake Geneva. Inaamua kwa haki na usawa bila kuzama kwenye sheria za nchi ya klabu, na klabu isiyotii hukumu inaweza kuzuiwa na FIBA kusajili wachezaji kutoka nje. Lakini haina nguvu juu ya mtu ambaye mkataba wake haujaitaja kwa jina. Rasimu ya ligi kuu inasema migogoro itapelekwa kamati ya nidhamu ya shirikisho la huko. Hilo usilikubali hata kwa dola 8,000.

Omba ngazi za kuchelewa ziandikwe. Siku 10 baada ya tarehe, faini ndogo ya kila siku. Siku 15, una haki ya kukaa nje ya mazoezi na mechi bila kuhesabiwa mtoro. Siku 30, una haki ya kuvunja mkataba na kudai salio lote. Na uzitumie kwa mpangilio huo, kwa barua pepe, ukitaja kifungu. Wachezaji wengi wenye haki yao huipoteza kwa kupanda ndege kwa hasira bila taarifa. Klabu inageuka na kusema wewe ndiye uliyevunja. Hali kadhalika ukiumia. Watakuletea karatasi ya makubaliano ya kuachana kwa amani, na mishahara miwili ya haraka. Usisaini kitu hospitalini. Mkataba useme klabu inalipa upasuaji na matibabu ya viungo hadi daktari aseme umepona, na una haki ya kumwona daktari wa pili.

Wakala wako awe na leseni ya FIBA. Kwa desturi anapata asilimia 10, na klabu nyingi za Ulaya humlipa wao juu ya mshahara wako. Iandikwe hivyo ili isikatwe kwako. Nyumba iwe na samani, na itajwe nani analipa umeme, maji ya moto na intaneti. Gari pia litajwe na bima yake. Magari mengi ya klabu ni ya gia za mkono, kwa hiyo jifunze kabla hujaondoka. Usisaini kwingine ukiwa bado na mkataba ulio hai. Shirikisho la ulikotoka lazima litoe barua ya kukuruhusu kuhama, na sababu pekee ya kuinyima ni mkataba unaoendelea. Ingia kwa viza ya kazi, kamwe si ya utalii.

Swali lako dogo, kama pasi yako ya kusafiria ina maana yoyote, lina uzito kuliko ulivyodhani. Ligi zina mipaka ya wageni. Ujerumani, kwa mfano, ligi kuu imekuwa ikitumia utaratibu wa wageni sita na wenyeji sita kwenye orodha ya 12. Mkataba wa Cotonou wa mwaka 2000, kati ya Umoja wa Ulaya na nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki, ulifanya ligi kama ya Hispania isiwahesabu wachezaji wenye pasi za nchi hizo katika kundi la wageni wa kawaida. Mwambie wakala aulize kila ligi kwa maandishi unahesabiwaje msimu huu. Jibu hilo peke yake linaweza kukupandisha bei.

Kabla ya lolote, ichunguze klabu yenyewe. Hukumu za BAT huchapishwa, na orodha ya klabu zilizofungiwa kusajili hutolewa na FIBA. Tafuta majina ya zote mbili. Kisha watafute wageni wawili waliochezea kila klabu misimu iliyopita, hasa waliotemwa katikati. Usiwaulize kama klabu ni nzuri. Waulize mshahara wa Machi uliingia lini. Vuli fedha huwa zipo. Zinakatika baada ya Februari, timu ikishajua haipandi wala haishuki.

Basi jibu langu. Dola 5,500 kwa miezi 9 ni 49,500 kwenye karatasi. Ukilipwa miezi mitano halafu wakakwama, ni 27,500, kabla ya kodi ambayo hawajaitaja. Ile nyingine ni 31,500 safi, yenye BAT, na kocha ameandika kwamba utashika mpira dakika 28 hadi 30. Kwa gadi wa mwaka wa kwanza, dakika hizo zina thamani kuliko jina la ligi, kwa sababu kocha wa mwakani atatazama mechi zako nzima. Chukua ya daraja la pili, na uombe kifungu cha kuondoka: klabu ya ligi kuu ikikuhitaji kabla ya tarehe fulani ya Januari, iwe na kiasi kinachojulikana cha kukununua.

Kama wale wengine watafuta majaribio, waandike kodi juu yao na kuweka BAT, nirudishie tusome tena. Wape hadi Ijumaa. Rasimu ya daraja la pili nimeiwekea alama sehemu tatu: tarehe za malipo, ngazi za kuchelewa, na siku za kutoka kwenye nyumba baada ya mechi ya mwisho, ambazo wameandika 2, omba 7. Mpelekee wakala leo.

Mama yako